Mtandao nimeuvuruga mimi, anayelaumiwa ni Babu

Shangazi, shikamoo.

Nimekusoma tangu nikiwa chuo, sikudhani siku moja barua itakuwa yangu. Nina miaka 28, ni mwalimu wa TEHAMA kwenye shule ya sekondari ya bweni mkoani Njombe. Jina langu na la shule naomba yabaki kwako. Nimeoa mwaka jana, mke wangu ana mimba ya miezi sita, na mkataba wangu wa kwanza unaisha Juni.

Shule yetu ina seva moja, kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, inakaa kwenye kichumba nyuma ya maktaba. Aliyeifunga ni mzee mmoja ambaye sisi sote tunamwita Babu. Alianza kama fundi umeme, kompyuta akajifunza ukubwani, na alipostaafu shule ikambakiza kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nilipofika ndiye aliyenipokea. Chuoni mitandao tuliisoma kwenye makaratasi. Kubana kichwa cha waya nimefundishwa na Babu, tumekaa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, yeye akiziimba rangi kama anayesoma dua: chungwa na nyeupe, chungwa, kijani na nyeupe, bluu, bluu na nyeupe, kijani, kahawia na nyeupe, kahawia. Mpaka leo nikibana waya naziimba kwa sauti yake.

Babu ana daftari la kaunta ambamo kila anwani ya mtandao wa shule, yaani namba ya kila kifaa, imeandikwa kwa penseli. Seva ni 192.168.1.10. Printa ya taaluma ni 20. Ruta ya kampuni ya intaneti, njia yetu ya kutokea nje, ni 254. Kuanzia 50 mpaka 200 seva inagawa yenyewe kwa kompyuta na simu zinazokuja.

Desemba iliyopita mhitimu mmoja alitoa zawadi ya ruta nne za Wi-Fi, zile za kuweka nyumbani. Mkuu wa shule akanipa mimi kazi ya kuzifunga ziwe aksesi pointi, yaani za kusambaza Wi-Fi tu, akasema mbele ya Babu kwamba hiyo ni kazi ya vijana. Nilivimba kichwa, sitakuficha. Januari nikazifunga: moja ofisi ya walimu, moja maktaba, moja jengo la utawala, moja nyumba ya matroni karibu na bweni la wasichana. Nikazipa anwani kuanzia 192.168.1.2 mpaka 192.168.1.5, nikaweka jina la shule na nenosiri. Babu akaja, mikono mfukoni mwa koti, akaniuliza: "Umezinyamazisha?"

Nikamjibu, "Ndiyo Babu, zimenyamaza."

Shangazi, sikujua anamaanisha nini. Nilidhani anasema habari za taa. Nilijibu tu, kwa sababu siku ile nimepewa kazi juu ya kichwa chake sikutaka aone kuna kitu sikijui.

Januari yote mambo yalikwenda. Mwezi wa pili ikaja mvua ya radi usiku wa Jumamosi, umeme ukakatika, ukarudi baada ya saa moja. UPS ya seva, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, betri yake ilishakufa, na seva yenyewe haiwaki mpaka mtu aende kubonyeza. Babu alikuja kuiwasha Jumatatu asubuhi. Kuanzia siku hiyo ni vurugu. Simu ya mwalimu inaonyesha imeunganishwa, intaneti hakuna. Kompyuta ya mhasibu inaleta ujumbe kwamba anwani yake inatumiwa na kifaa kingine, katikati ya kutoa stakabadhi za ada, mzazi amesimama dirishani. Printa ya taaluma leo inaonekana, kesho haionekani. Ukizima na kuwasha inapona, baada ya muda inarudi kulekule.

Wote wakasema seva. Kwenye kikao cha walimu makamu akasema, "Seva ya mzee imechoka, na mwenyewe kachoka." Watu wakacheka. Babu alikuwa anaitazama kofia yake aliyoishika magotini. Mimi nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwake, na mimi pia nilitabasamu.

Jumapili moja nikakaa maktaba peke yangu na laptopu, nikaandika ipconfig /all, amri ya kuonyesha setingi za mtandao. Pale panapotajwa seva ya DHCP, yaani aliyetoa anwani, panatakiwa paseme 192.168.1.10. Pakasema 192.168.1.3. Hiyo ni ruta yangu ya maktaba. Nikaingia kwenye setingi zake: ugawaji wa anwani umewashwa. Nikaenda ya ofisi ya walimu, hivyo hivyo. Ya utawala, hivyo hivyo. Ndipo nikaelewa Babu aliniuliza nini.

Nilizizima zote tatu usiku uleule bila kumwambia mtu. Ya nne sijaifikia, maana nyumba ya matroni mwalimu wa kiume huingii bila kibali na sababu. Mtandao umetulia sana, si kabisa. Majuzi matroni alinionyesha tableti yake haipati intaneti, nikaangalia haraka, ilikuwa imepewa anwani na 192.168.1.1. Bado kuna lalamiko moja moja.

Sasa balaa ni hili. Wiki ileile mkuu alikuwa amemnyang'anya Babu ufunguo wa chumba cha seva akanipa mimi. Kwa hiyo shule inaamini mtandao umetulia kwa sababu Babu kaondolewa. Baada ya wiki tatu bodi inakaa kupitisha ununuzi wa seva mpya, shilingi milioni tisa na ushee, na kutomwongezea Babu mkataba. Makamu kaninong'oneza kwamba nitatajwa kuwa msimamizi wa mfumo, na posho juu.

Babu aliponikabidhi ufunguo alinipa na lile daftari. Hakusema neno. Nyumbani nikalifungua. Penye 2, 3, 4 na 5 ameandika "Wi-Fi, kijana", na mbele yake ameweka alama ya kuuliza.

Mke wangu anasema ninyamaze mpaka mtoto azaliwe. Nikisema napoteza kazi. Nikinyamaza mzee aliyenifundisha anaondoka na aibu yangu. Shangazi, kuna njia ya kulisafisha jina la Babu bila kulichafua langu?

Wako,
Niliyesema Zimenyamaza, Njombe

*

Marahaba mwanangu. Mkeo mpe pole ya uzito, mwambie Shangazi anamwombea ajifungue salama.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba kabla ya safu hii nilikula miaka mingi kwenye vyumba vya seva, kwenye baridi ya kiyoyozi na koti la sufu mabegani, nje jua la Dar. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kama mama, mara ya pili na penseli mkononi. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu hivi.

Wengine wanaotusoma niwape picha, wasibaki nyuma. Fikirieni zahanati ambako ukifika unapewa kikadi cha namba. Mgawaji ni mmoja, ana orodha, anajua namba 120 kampa mama fulani na haitoi tena. Siku moja wanaletwa vijana wanne wa kufungua milango, na kila kijana kaja na vikadi vyake mfukoni kutoka kwao, navyo vinaanzia 100. Mgonjwa akiingia anauliza, "Nani ananipa namba?" Anayejibu mapema mara nyingi ndiye anayesikilizwa. Basi mnakuwa na mama wawili wenye 120, daktari anaita, wanasimama wote. Mbaya zaidi, yule kijana anamwambia mgonjwa kwamba daktari ni yeye. Mgonjwa anakaa mbele yake siku nzima, dawa hapati. Ndiyo ile simu inayosema imeunganishwa na intaneti haipo: ruta imempa anwani, ikamwambia na njia ya kutokea ni mimi, wakati njia ya kweli ni ile 254.

Utaratibu wenyewe, DHCP, ni wa mwaka 1993, na ulitungwa na watu walioaminiana. Hauna kufuli. Kifaa kinapiga kelele kwa wote na kinamwamini aliyejibu. Windows ina ulinzi wake wa kuzuia seva ya Windows isiyoidhinishwa isigawe anwani ndani ya domeini, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa pamoja, lakini ruta ya nyumbani haijui habari hizo. Yenyewe imezaliwa kuwa bwana wa nyumba. Ukiileta kwenye nyumba yenye bwana mwingine, ni lazima uiambie inyamaze. Neno la Babu sikuwahi kulisikia, nami nimeshalichukua.

Sasa tuje kwako. Unaniambia umefanya kosa la ufundi, ukalifunika kwa neno moja la uongo, uongo huo ukamwangukia mzee aliyekufundisha, na sasa kuusema kunaweza kukugharimu mkate wa mtoto ambaye hajazaliwa. Unaniuliza niseme au ninyamaze. Kabla hatujafika huko, kuna mambo kwenye barua yako umeyachukua kama yamekwisha kuthibitika. Mimi nikiyagonga yanatoa sauti ya utupu.

La kwanza. Unasema ruta zako ulizipa anwani kuanzia 2 mpaka 5. Tableti ya matroni ilipewa anwani na 1. Mwanangu, 1 ni nani? Kwenye daftari la Babu hayupo. Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.1.1, na ile tundu ndogo ya nyuma, ukiibonyeza kwa pini sekunde kumi hivi, inairudisha ruta ilivyozaliwa: anwani ya kiwandani, jina la kiwandani, ugawaji umewashwa. Nahisi, sisemi najua, kwamba mtu aliirudisha ile ya nne. Huenda ni matroni mwenyewe baada ya ile radi, huenda kuna mtu kamsaidia kwa nia njema. Kuhakikisha ni rahisi. Muulize matroni jina la Wi-Fi anayoiona. Likiwa la shule, nadhani yangu imeanguka. Likiwa jina la kampuni na tarakimu, basi hata kama ungeinyamazisha Januari, leo ingekuwa inapiga kelele.

Sikupi hili ulishike kama mwavuli. Zile tatu zilikuwa na anwani ulizozipa na jina uliloliweka, kwa hiyo hakuna aliyezirudisha kiwandani, na hizo ni zako. Na huyo aliyebonyeza pini, kama yupo, alibonyeza kwa sababu mtandao ulikuwa umeshaharibika. Lakini ukienda kwa mkuu kusema "yote ni mimi" utakuwa umesema jambo ambalo hujalipima, na ruta ya nne itabaki pale inagawa vikadi baada ya toba yako.

Kwa nini Januari ilipita salama? Najua swali hilo limekukalia. Seva ikiwa macho hujibu upesi, na ruta nyingi ndogo husita kidogo, zinachungulia kwanza kama namba wanayotaka kuitoa ina mtu. Kwa hiyo Januari seva ilikuwa inawahi mara nyingi. Usiku wa radi, umeme uliporudi, ruta ziliamka ndani ya dakika moja au mbili, seva ikabaki imelala mpaka Jumatatu. Muda wote huo wagawaji walikuwa vijana peke yao. Na kifaa kilichokodishiwa anwani, muda ukifika nusu, hurudi kwa yuleyule aliyempa kuomba nyongeza. Ndiyo maana Babu alipoiwasha seva hali haikubadilika, na ndiyo maana wote mliona kama seva ndiyo mgonjwa: ilikuwa imerudi kazini na hakuna anayeiuliza.

La pili, umeniandikia kana kwamba kumtetea Babu ni kuitetea seva. Hukunitajia inaendesha toleo gani. Likiwa Windows Server 2012 R2, kama ninavyoikuta kwenye shule nyingi, Microsoft walisitisha kuipatia masahihisho ya usalama Oktoba 2023, isipokuwa kwa wanaolipia ziada. Seva kuwa imezeeka na seva kusingiziwa ni mambo mawili. Inawezekana bodi inapaswa kununua mashine nyingine, kwa sababu ya kweli na si kwa ile waliyopewa. Inawezekana pia sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha betri ya UPS, na swichi, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, ya aina inayoweza kuambiwa kwamba anayeruhusiwa kugawa anwani yuko kwenye tundu hili tu, wengine wote wakijibu wakatwe. Hapo hata mtu akibonyeza pini kila Ijumaa, kelele ya ruta haifiki mbali. Wajumbe wa bodi hawawezi kuchagua wasichokijua.

La tatu ndilo ninalolishika kwa vidole viwili, lisipasuke. Unaandika kama mtu anayemficha Babu siri. Mtu anayeandika anwani zote kwa penseli kwa miaka, akakuuliza umezinyamazisha, ukasema ndiyo, kisha akaenda kuweka alama ya kuuliza mbele ya neno "kijana", unadhani hajui? Mimi nadhani alijua kabla yako. Kwa nini alinyamaza kikaoni, hilo sina jibu. Pengine alitaka uone mwenyewe. Pengine alichoka kubishana na watu wanaocheka. Pengine hakuwa na hakika, na yeye si mtu wa kumtaja mwenzake bila hakika. Hizo ni sababu tatu zenye uzito tofauti kabisa, na anayeweza kukuambia ni ipi yuko hapo shuleni kwenu.

Ngoja nikuibie dakika moja. Miaka yangu ya mwanzo nilimpa printa ya mhasibu wetu anwani ya kudumu, nikaichagua katikati ya zile ambazo seva inagawa. Sikujua kwamba zinapaswa kutengwa. Kila baada ya siku chache seva ilimpa mtu mwingine anwani ileile, na printa inapotea. Fundi wa printa aliitwa mara tano. Mara ya tano mhasibu alimfokea mbele ya wateja kwamba hajui kazi, naye akakusanya bisibisi zake moja moja kwenye kile kimfuko chake cha turubai, akaenda. Niligundua wiki mbili baadaye, nikabadilisha ile anwani saa saba mchana watu wamekwenda kula, nikakaa. Hakuna aliyejua. Jina la yule fundi nimelisahau, kile kimfuko sijakisahau.

Basi tuziangalie njia zako.

Kunyamaza. Mkeo hasemi upuuzi. Anahesabu kliniki, nepi na kodi ya nyumba, na mtu anayehesabu hivyo hastahili kuitwa mwoga. Ila nikuulize: umemwambia yote? Anajua kuhusu zile ndoo mbili na daftari, au amesikia tu "kuna tatizo kazini, nikisema nafukuzwa"? Jibu lake linategemea swali alilopewa. Halafu kunyamaza kuna hatari zake za kiufundi. Seva mpya ikija itafungwa na fundi kutoka nje. Radi nyingine itapiga, huko kwenu Machi na Aprili hazikosi. Yule fundi ataandika amri ileile uliyoandika wewe Jumapili, na kwa dakika mbili ataona anwani zinatoka kwa matroni. Atauliza nani aliziweka. Utajibu ukiwa msimamizi wa mfumo mwenye posho, bodi imeshatoa milioni tisa. Au labda hakuna atakayeuliza, kila kitu kitakwenda sawa, na utakuwa ndiye mwenye ufunguo. Hilo nalo lipime, utaishi nalo vipi.

Kusema nusu. Najua imekupitia kichwani, maana ingenipitia mimi: unaandika ripoti nzuri, "imebainika kwamba ruta zilikuwa zinagawa anwani, tatizo limerekebishwa", sentensi zote hazina mtenda. Faida yake ni kwamba Babu anasafishika kiasi na seva inaondolewa lawama. Hatari yake ni kwamba makamu, ambaye naona ana ulimi, atauliza, "Imebainika na nani, lini?" Ulizizima wiki kadhaa kabla ya kuandika. Tarehe ndizo zitakazokuumbua kuliko kosa lenyewe.

Kumwona mkuu kwanza, kabla ya bodi. Hapa pima mtu unayemwendea, maana mimi simjui. Aliyekupa kazi ile akamruka Babu ni yeye, kwa hiyo ukweli wako unamgusa na yeye. Kuna mkuu atakayekushukuru kwa kumwokoa asiingie mbele ya bodi na hoja mbovu. Kuna mwingine ambaye akiona aibu humtafuta mtu wa chini wa kuibeba, na wa chini ni wewe, mwenye mkataba unaoisha Juni. Ninachokiona ni kwamba wiki tatu hizi zina thamani ambayo wiki ya nne haitakuwa nayo. Leo unamletea fedha ambayo bado ipo. Baada ya bodi utakuwa unamwambia alidanganywa na kwamba ulikuwa unajua. Ukienda, usiende na machozi tu. Nenda na karatasi moja: tarehe ya radi, ulichokiona kwenye laptopu, ulichokizima na lini, hali baada ya hapo, na kilichobaki. Mwalimu aliyekosea akaja na kipimo anaonekana tofauti na mwalimu aliyekosea akabambwa, ingawa sikuahidi kwamba tofauti hiyo itatosha.

Kumwona Babu kwanza. Moyo wako naona umeelekea huko. Nami sikuzuii, ila nikutahadharishe kidogo. Ukimwendea ili akupe ruhusa ya kunyamaza, anaweza kukupa. Wazee wetu wana huruma za ajabu. Anaweza kusema, "Achana nayo mwanangu, mimi nakwenda kulima viazi, wewe lea mtoto." Utatoka pale na mzigo mkubwa kuliko uliokwenda nao, na huwezi tena kusema bila kumvunjia neno lake. Anaweza pia kukasirika, na ana haki. Anaweza kuamka asubuhi akaenda kwa mkuu kabla yako. Kwa hiyo kabla hujabisha hodi, jua unakwenda kumpa nini: taarifa, au swali. Akijua unakusudia kwenda kwa mkuu ataongea nawe kwa namna moja. Akihisi bado unapima upepo, ataongea kwa nyingine.

Umeniuliza kama kuna njia ya kulisafisha jina lake bila kulichafua lako. Nimeitafuta, mwanangu. Nilizoziona zote zina tope kidogo kwenye upindo wa suruali yako. Zinatofautiana kiasi, na nani mwingine analikanyaga pamoja nawe. Hilo la kiasi gani unaweza kulibeba, na mkeo anaweza kulibeba, mimi nikiwa huku siwezi kukupimia.

Ila ruta ya nne haina fumbo. Mwombe matroni kibali, nenda mchana na mwalimu wa kike wa zamu. Kabla hujagusa kitu piga picha ukurasa wa setingi kama ulivyoukuta, jina la Wi-Fi na anwani yake. Kisha irudishie 5, uzime ugawaji, na waya uwe kwenye tundu la LAN, la mtandao wa ndani, si lile la WAN, la intaneti ya nje. Uandike tarehe daftarini, kwa penseli.

Na usiku mmoja, watu wakiwa wamelala, fanyeni jaribio hili. Mmoja akae kwenye seva aisimamishe huduma ya DHCP kwa dakika chache. Mwingine akae maktaba na laptopu iliyochomekwa waya, aandike ipconfig /release kuiachia anwani, kisha ipconfig /renew kuomba nyingine, asubiri. Kurudi na kurudi peke yako ni usumbufu, kazi hiyo inataka watu wawili, na shule nzima wanaoijua ni wawili tu. Laptopu ikipata anwani ya 192.168, bado kuna kijana mwenye vikadi mfukoni, mtafuteni. Ikihangaika kama dakika moja kisha ikajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, maana yake iliuliza na hakuna aliyejibu. Hapo mmoja wenu anaweza kuuliza tena lile swali la Januari, na mwingine akalijibu.

Shangazi